Tumbo la Herufi: Stensili kutoka Magunia ya Karafuu hadi Kompyuta

Fundi anayekata neno PEMBA kwenye kipande cha bati hupata tabu kabla hajashika brashi. E na M hazimsumbui. P, B na A zina matumbo, na kisu kikishamaliza kuzunguka tumbo, kipande cha ndani huanguka, herufi ikabaki tundu tupu. Dawa ni kuacha vijikono vyembamba vya bati vya kulishika tumbo lisidondoke. Ndiyo maana maandishi ya stensili hutambulikana hata kwa mbali: kila herufi yenye tumbo ina mikatiko yake.

Pemba iliingia katika ulimwengu wa alama hizo kwa mlango wa karafuu. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba, ambayo haikupigwa sana, ikawa shamba kuu la zao hilo. Karafuu zilizoanikwa majamvini zikasafiri kwa magunia kupitia Wete, Chake Chake na Mkoani. Tangu 1968 mnunuzi wake ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC. Katika biashara ya bandari, mzigo sharti ueleze ulikotoka na daraja lake hata pale mwenyewe hayupo, na katika bandari nyingi duniani kazi hiyo ilifanywa kwa bati lililotobolewa, brashi ngumu na wino mweusi. Ni kazi ya haraka isiyo na mapambo, na haikuhesabiwa sanaa.

Wazanzibari wa makamo waliijua stensili kwa sura nyingine pia: karatasi ya nta ya skulini na ofisini. Mashine zake zilienezwa duniani na David Gestetner, Mhangaria aliyefanya kazi zake London tangu miaka ya 1880. Mpiga taipu aliondoa utepe, herufi za chuma zikakwangua nta, kisha wino ukapenya palipokwanguka. Aliyepiga kwa pupa alikata tumbo la "o" likang'oka, na karatasi ya mtihani ikajaa madoa meusi. Balaa lilikuwa lile lile la fundi bati, ila lilihamia kwenye meza ya karani. Zama za siasa, kati ya uchaguzi wa 1957 na Mapinduzi ya Januari 1964, chama kisicho na kiwanda cha chapa kilihitaji mashine kama hiyo kuliko kipaza sauti.

Ukuta nao una historia yake katika pwani hii. Kwenye lipu ya magofu ya Gedi na Kilwa watu wa kale walichora vyombo vya baharini kwa ncha kali, na Peter na Margaret Garlake waliiandikia michoro ya namna hiyo makala ya kitaalamu mwaka 1964. Hizo zilikuwa chata za wakati wake. Hata hivyo kila chombo kilichorwa mara moja tu, kwa mkono mmoja. Stensili haina subira hiyo: hukatwa nyumbani kwa saa kadhaa, kisha hupigwa ukutani kwa dakika moja, mara mia ikibidi.

Faida hiyo ndiyo iliyowavuta wachoraji wa mitaani. Xavier Prou, ajiitaye Blek le Rat, alianza kupuliza panya kwenye kuta za Paris mwaka 1981. Banksy wa Bristol amesimulia kwamba alikuwa amejificha polisi chini ya lori alipoona maandishi ya stensili kwenye tangi la mafuta, akajua amepata njia ya kuharakisha kazi. Kama kisa hicho ni cha kweli, sanaa inayouzwa leo kwa mamilioni imetoka kwenye chapa kama zile za mizigo. Huku kwetu mkono bado una heshima yake. Tumbusi aliyechorwa Nairobi mwaka 2012, katika mtaa wa Muindi Mbingu, na kundi la akina Boniface Mwangi, Bankslave, Swift9 na Uhuru B, alihitaji ukuta mzima.

Sura ya mtu iliyozunguka dunia nzima kwa njia ya stensili ni ya mwanamapinduzi Che Guevara. Alberto Korda alimpiga picha Havana tarehe 5 Machi 1960. Mwaka 1968 Jim Fitzpatrick wa Ireland akaifuta rangi zote za kijivu, akabakisha nyeusi juu ya nyekundu. Kati ya tarehe hizo mbili Che mwenyewe alipita Dar es Salaam, akavuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma mwezi Aprili 1965 na kupigana mashariki ya Kongo kwa jina la Kiswahili, Tatu. Waliokuwa naye hawakuwa na fulana yake. Fulana zilikuja baadaye, na leo zinavaliwa na vijana wasiojua kwamba aliwahi kuitwa Tatu.

Fitzpatrick alifanya kwa filamu na mikono kazi ambayo programu ya kuhariri picha huimaliza kwa sekunde. Photoshop ilitoka 1990, na GIMP, isiyolipiwa, ilianza kutolewa 1996. Zote zina amri ya kizingiti. Kila nukta ya picha ya kijivu ina namba kati ya 0, nyeusi, na 255, nyeupe. Mtumiaji huchagua namba ya katikati, iliyo chini yake huwa nyeusi kabisa na iliyo juu huwa nyeupe kabisa. Ustadi wote uko katika kuchagua namba hiyo na kurekebisha yanayoharibika.

Chukua sura inayojulikana Pemba kuliko zote, ya mwanasiasa Maalim Seif Sharif Hamad, mzaliwa wa Mtambwe aliyefariki Februari 2021. Kofia nyeupe mbele ya ukuta mweupe hutoweka. Kichwa kinaishia kwenye paji la uso. Kizingiti kikipandishwa ili kofia irudi, uso unakuwa giza tupu. Mjuzi hugawa picha katika matabaka, kofia na kizingiti chake, uso na chake, kisha huchora ukingo wa kofia kwa mkono. Viua vya kofia, alivyovihangaikia mshonaji, havisalimiki. Kisha kuna miwani. Fremu nyeusi yenye vioo viwili ni B nyingine: ikikatwa bila vijikono, matumbo yote mawili yanaanguka pamoja na macho. Programu haimwonyi mtu juu ya hilo. Picha ikionekana kamili kwenye kioo cha kompyuta, kwenye kadibodi huanguka vipande.

Wachapaji fulana hukwepa tabu hiyo kwa kitambaa cha wavu kilichokazwa kwenye fremu, maana wavu huyashika matumbo bila vijikono. Tabu yao iko kwingine: picha yenyewe ni ya nani. Korda hakulipwa chochote kwa mabango ya Che, na aliposhitaki mwaka 2000 ilikuwa kwa sababu sura hiyo ilitumika kutangaza vodka. Shepard Fairey, aliyetengeneza bango la Obama la 2008 kutokana na picha ya shirika la habari la AP, alimaliza kesi yake kwa maafikiano mwaka 2011. Zanzibar ina Sheria ya Hakimiliki tangu 2003, na picha iliyookotwa kwenye simu ya mtu inabaki kuwa ya aliyeipiga, hata ikishageuzwa rangi mbili na kuchapwa kwenye fulana za mkutano wa Gombani, Pemba.