Ugomvi wa Maprofesa juu ya Vidudu vya Bahari

Mtu asimamaye ufukoni huiona bahari kuwa maji matupu. Lakini maji hayo yakichujwa kwa hariri laini, huenda utelezi mdogo ukabaki juu ya kitambaa. Na ukitiwa chini ya hadubini wataonekana wanyama wenye miguu na pembe, wadogo kama chembe za mchanga. Hao ndio zuplanktoni, chakula cha samaki wengi, hata cha nyangumi.

Mwaka 1887 Victor Hensen, profesa wa Kiel katika Ujerumani, alivipa viumbe vyote vichukuliwavyo na maji jina la planktoni, kwa neno la Kiyunani lenye maana ya kutangatanga. Alitaka kujua jambo moja kubwa: bahari ina chakula kiasi gani cha kuwalisha samaki? Ikiwa mkulima hupima mavuno ya shamba lake, mbona ya bahari yasipimwe? Basi mwaka 1889, toka Julai hata Novemba, alisafiri Atlantiki katika meli iitwayo National, akishusha wavu wa hariri ile ile waitumiayo wasaga unga kuchekechea. Kisha wakaketi kuhesabu, kiumbe kimoja kimoja. Wakastaajabu kuona bahari ya joto ina viumbe wachache kuliko bahari ya baridi ya kaskazini.

Lakini hesabu hiyo yote ilisimama juu ya nguzo moja. Hensen aliamini kwamba viumbe hao wametawanyika karibu sawasawa, hata mavuo machache yakatosha kuhukumia bahari nzima. Mwaka 1890 Ernst Haeckel wa Jena akatoa kitabu kuishambulia nguzo hiyo. Planktoni, alisema, hukaa makundi makundi, hapa tele, pale haba. Kuhesabu namna ile ni kazi bure. Hensen akajibu, na maneno yao yalipita adabu tuitazamiayo kwa wasomi.

Nani alikuwa na haki? Kwa habari ya mtawanyiko, Haeckel. Hasa karibu na pwani. Huko mito huleta maji baridi yasiyo na chumvi, upepo huyasukuma maji ya juu yakapanda yale ya chini yenye rutuba, na mikondo ikutanapo huwakusanya viumbe mstari mmoja. Tena wengi huzama mchana, wakijificha macho ya samaki, na kupanda usiku. Hivyo wavu wa adhuhuri na wa usiku wa manane haupati sawa mahali pale pale. Lakini kwa habari ya kuhesabu, mimi namwona Hensen kuwa mshindi, maana asiyehesabu hawezi kujua makundi hayo ni makubwa kadiri gani.

Njia ya kuyapima makundi ilipatikana kwa Mwingereza Alister Hardy. Katika safari ya meli Discovery, iliyoondoka mwaka 1925 kwenda bahari ya kusini kuchunguza nyangumi na chakula chao, alikijaribu chombo cha kukokotwa nyuma ya meli. Maji huingia kwa tundu dogo na kupita katika utepe wa hariri ujiviringishao polepole, na kila kipande cha utepe huonyesha viumbe wa mahali meli ilipopita. Mwaka 1931, akiwa Hull, alianza kuwapa manahodha wa meli za biashara chombo hicho wakikokote katika Bahari ya Kaskazini, akitumaini kuwafaa wavuvi wa heringi. Vita viliikatiza kazi hiyo, ikaanza tena mwaka 1946, nayo ingali ikiendelea. Mwaka 2002 wataalamu walioisoma hariri ya miaka yapata 40 walitangaza kwamba, upande wa kaskazini-mashariki wa Atlantiki, zuplanktoni wa maji ya joto walikuwa wamesogea kaskazini zaidi ya kilomita 1,000, na wale wa maji ya baridi wakarudi nyuma mbele yao.