Mtihani wa Mdomo na Jalada la Maandishi: Kutahini Lugha ya Kigeni, kutoka Berlin hadi Ngomeni

Mtihani wa mdomo wa Kiswahili kama lugha ya kigeni haukuasisiwa katika pwani ya Waswahili. Mojawapo ya mahali ulipopata sura ya kitaaluma ni Berlin, katika Seminari ya Lugha za Mashariki iliyofunguliwa mwaka 1887, wakati Ujerumani ilipokuwa ikijitwalia makoloni. Waliosomea humo walikuwa maofisa, wafanyabiashara na wamisionari waliokusudia kuja Afrika Mashariki. Mwalimu Mjerumani alifundisha sarufi. Mazungumzo yaliachiwa mzawa wa lugha: Sleman bin Said, kisha Amur bin Nasur kutoka Unguja, na baadaye Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo.

Mgawanyo huu wa kazi unastahili kutazamwa kwa makini, kwani ndio uliorithiwa na idara nyingi za lugha za kigeni hadi leo. Mzawa ndiye kipimo cha matamshi, lakini nadharia ya lugha yake iko mikononi mwa mwingine. Hata maandishi hayakuepuka mgawanyo huo. Seminari ilihitaji matini za kusomeshea. C. G. Büttner akachapisha mwaka 1892 nyaraka za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, na mwaka 1894 akatoa diwani ya fasihi ya Kiswahili. Mrithi wake, Carl Velten, alitoa Desturi za Wasuaheli mwaka 1903. Sehemu kubwa ya kitabu hicho ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, ila jina lililotangulizwa ni la Velten. Ilibidi kungojea tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen, iliyotoka mwaka 1981, ndipo jina la Mtoro likapewa nafasi yake katika anwani. Hapa pana jalada la kazi kwa maana halisi, mkusanyo wa matini unaothibitisha umahiri. Linalosumbua ni umahiri wa nani uliokuwa ukithibitishwa.

Waingereza nao waliwataka watumishi wao wa Kenya na Tanganyika wafaulu mtihani wa Kiswahili, wa kuandika na wa kuzungumza. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Kwa pwani ya kaskazini uamuzi huo ulikuwa na matokeo ya ajabu kidogo. Ofisa aliyefaulu kwa lugha sanifu na kupelekwa Malindi alikuta watu wasemao Kimvita, Kiamu au Kitikuu, na Wagiriama waliokuwa na lugha yao. Katika vijiji vya wavuvi kama Ngomeni, ambako Wabajuni na Wamijikenda wameishi pamoja, ofisa mwenye cheti ndiye aliyesemekana kujua Kiswahili, na wasemaji wakahesabiwa kuwa na lahaja tu. Sarufi ya E. O. Ashton ya mwaka 1944, pamoja na ubora wake usiopingika, iliutia nguvu mtazamo huo.

Baada ya uhuru hoja iligeuzwa. Waraka wa Ngugi wa Thiong'o, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba wa Oktoba 1968 uliitaka Idara ya Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Nairobi ivunjwe, na fasihi simulizi iwekwe katika kiini cha masomo. Mkutano wa Nairobi wa mwaka 1974 kuhusu ufundishaji wa fasihi shuleni uliiunga mkono fikra hiyo, na mwaka 1983 Jane Nandwa na Austin Bukenya wakatoa kitabu cha fasihi simulizi kwa ajili ya shule. Mwanafunzi akatumwa nyanjani kurekodi, kunukuu, kutafsiri na kuchambua. Jalada likarudi, safari hii mikononi mwa Mwafrika mwenyewe.

Hata hivyo, mdomo haukurudi nalo. Katika mtihani wa KCSE, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, mtahiniwa wa Kifaransa huketi mbele ya mtahini na kuzungumza. Mtahiniwa wa Kiswahili huandika karatasi tatu: insha, matumizi ya lugha, na fasihi. Fasihi simulizi imo katika karatasi ya tatu, na hujibiwa kwa kalamu. Mtoto anaweza kufafanua sifa za mtambaji bora pasipo kutamba ngano hata moja. Lugha ya kigeni husikilizwa na lugha ya nyumbani husahihishwa. Sababu za kiutawala zinaeleweka, maana watahiniwa wa Kifaransa ni wachache na wa Kiswahili ni umma mzima. Lakini sababu ya kiutawala si hoja ya kitaaluma, na wahakiki wameikubali kwa wepesi mno.

Ngomeni inatoa mfano wa upande wa pili. Tangu miaka ya 1960 Waitalia wa mradi wa San Marco, ulioongozwa na Luigi Broglio wa Chuo Kikuu cha Roma, walikuwa hapo. Satelaiti yao ilirushwa kutoka majukwaa ya baharini tarehe 26 Aprili 1967, na ile ya Kimarekani iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, tarehe 12 Desemba 1970. Urushaji wa mwisho ulikuwa mwaka 1988; kituo cha nchi kavu kiliendelea kupokea mawasiliano ya satelaiti. Kupitia ajira hizo, na zaidi kupitia utalii wa Malindi, Kiitalia kimeenea kwa masikio. Si miongoni mwa masomo ya KCSE. Anayekizungumza sokoni au hotelini hutahiniwa kila siku na mwenye lugha, na akikosea hupoteza mteja, lakini hana karatasi ya kuonyesha.

Mwanafunzi wa shahada akienda Ngomeni kukusanya nyimbo za wavuvi, atarudi na kanda, nukuu na tafsiri, na kutetea uchambuzi wake mbele ya jopo. Jopo litauliza kuhusu nadharia, mbinu za utafiti na usahihi wa tafsiri. Mwimbaji, ambaye ndiye pekee anayejua kama neno la Kitikuu limenukuliwa sawasawa, hayumo chumbani. Hakuna kanuni ya kitaaluma inayozuia nukuu irejeshwe kijijini na kusomwa kwa sauti mbele yake kabla ya alama kutolewa.