Ufunguo wa Famwea ni wa Nani? Funzo la Kompyuta za Shule nchini Rwanda

Historia ya kompyuta shuleni nchini Rwanda aghalabu husimuliwa kwa idadi: kuanzia mwaka 2008, mradi wa One Laptop per Child uligawa zaidi ya kompyuta 200,000 za XO katika shule za msingi. Makala haya yanauliza swali jingine: ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kuamua kompyuta hizo ziendeshe programu gani?

Mamlaka hayo hukaa katika famwea, yaani programu inayotangulia kuamka kompyuta inapowashwa. Famwea huhakiki sahihi ya kidijitali ya mfumo endeshi, na mfumo usiotiwa sahihi kwa ufunguo unaotambuliwa hukataliwa. Kwa upande wa XO, utaratibu huo ulielezwa katika waraka wa usalama wa Bitfrost wa mwaka 2007. Lengo lake mojawapo lilikuwa kuzuia wizi. Hata hivyo, wabunifu waliacha milango miwili: nchi iliweza kuweka funguo zake yenyewe, na mtumiaji aliweza kuomba ufunguo wa kubadilisha programu za mashine yake.

Mwaka 2012, kompyuta zilizoidhinishwa kwa Windows 8 zilitakiwa kuwa na Secure Boot. Katika mfumo huo, ufunguo mkuu kwa kawaida huwekwa na mtengenezaji, na vyeti vya Microsoft ndivyo hutambuliwa kwa upana zaidi. Mwaka 2015 kampuni ya Positivo BGH ilianza kuunganisha kompyuta jijini Kigali. Lakini kuunganisha mashine si sawa na kushika ufunguo wake. Vyeti vya Microsoft vya mwaka 2011 vimewekewa ukomo unaoanzia Juni 2026, tarehe ambayo wanunuzi wa Kigali hawakuipanga.

Wapo watakaohoji kwamba funguo zikishikwa na serikali zaweza kuvuja, au kutumiwa kuwapeleleza raia. Hofu hiyo ina msingi. Ndiyo maana hatupendekezi kuhamisha mamlaka kutoka kampuni moja hadi ofisi moja. Tunapendekeza mikataba ya ununuzi itamke mambo matatu: mwenye mashine aweze kubadilisha funguo; funguo za taasisi zitumike kwa idhini ya watu zaidi ya mmoja; na rejesta ya funguo ikabidhiwe pamoja na mashine. Wahenga walinena: mali bila daftari hupotea bila habari.