Kutoweka na kuangamia: ushahidi wa magamba ya Kilwa

Hebu chukua gazeti lolote la Kiswahili. Katika ukurasa wa habari za mashinani utasoma kwamba mwanafunzi fulani ametoweka. Geuza kurasa kadhaa, utasoma kwamba faru weusi wamo katika hatari ya kutoweka. Neno ni lilelile, lakini mambo ni mawili. Mwanafunzi anatafutwa, na aliye nyumbani anatarajia kumwona akibisha hodi. Faru akishakwisha duniani, hakuna wa kutafutwa.

Mwanafunzi mmoja wa huku kwetu Soin aliniuliza: "Mwalimu, kitabu kinasema viumbe wengi wa baharini walitoweka miaka milioni 34 iliyopita. Walienda wapi?" Wenzake wakacheka. Mimi naona swali lilikuwa barabara kabisa. Wataalamu wa visukuku wamelihangaikia swali hilo miaka mingi, na sehemu nzuri ya jibu ilipatikana katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, katika udongo wa Kilwa.

Soin yenyewe haiwezi kutusaidia. Wakipsigis huita soi nchi ya chini yenye joto, na ndiyo asili ya jina hili. Ukitoka huku kwenye mahindi na miwa ukapanda kwenda Kericho mjini, unaingia kwenye majani chai, na chini ya majani chai hayo ni miamba ya volkeno. Lava haihifadhi gamba la chaza. Kweli, kaunti yetu ina Fort Ternan, ambako Louis Leakey na watu wake walifukua mwanzoni mwa miaka ya 1960 mabaki ya Kenyapithecus wickeri, kiumbe wa jamii ya nyani aliyeishi yapata miaka milioni 14 iliyopita. Lakini huyo alikuwa wa nchi kavu. Anayetaka habari za bahari ya kale hana budi kuteremka pwani.

Na pwani, wa kwanza kutajwa ni mtu ambaye wasomaji wa safu ya lugha wanamjua kwa sababu nyingine. Johann Ludwig Krapf, mmishonari aliyefika Mombasa mwaka 1844, ndiye yule aliyeandika sarufi ya Kiswahili na kukusanya kamusi iliyochapishwa mwaka 1882, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki. Pamoja na maneno, Krapf aliokota mawe. Baadhi yake yalikuwa amonaiti, magamba yaliyojiviringa mfano wa pembe ya kondoo dume, ya mnyama wa baharini aliyekuwa na undugu na pweza na ngisi. Mwaka 1859 Oscar Fraas wa Stuttgart aliandika habari za amonaiti hizo, na wasomi wa Ulaya wakajua kwamba bara karibu na Mombasa kuna mashapo ya bahari ya enzi ya Jurasi.

Baadaye ikaonekana kwamba amonaiti za Mombasa zinafanana sana na zile za Kachchh, magharibi mwa India, na za Bukini. Leo jambo hilo halishangazi, kwa kuwa tunajua nchi hizo zilikuwa jirani kabla ya mabara kuachana. Wakati ule lilikuwa fumbo. Lakini tazama lilivyo muhimu kwa swali la yule mwanafunzi: kiumbe mmoja ana makao mengi. Ukimkosa Mombasa, huenda yuko Kachchh.

Mombasa ina tatizo jingine. Mwamba wake wenye amonaiti una umri wa miaka kama milioni 150 na zaidi. Jiwe la matumbawe la kisiwani, lile lililojengewa Mji wa Kale, lina umri wa miaka laki moja na ushei tu. Kati ya hayo mawili kurasa nyingi mno zimechanika. Amonaiti waliangamia duniani kote miaka milioni 66 iliyopita, wakati mmoja na dinosau, lakini mtu akiwa na miamba ya Mombasa peke yake hawezi kulijua hilo. Angeona tu kwamba chini wapo na juu hawapo. Yaani wametoweka.

Sasa twende Kilwa. Msomaji akisikia Kilwa atakumbuka Msikiti Mkuu, dhahabu ya Sofala na masultani. Wanajiolojia wakisikia Kilwa hukumbuka udongo wa mfinyanzi. Tangu mwaka 2002 kundi la wanasayansi lililoongozwa na Paul Pearson, Mwingereza, kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, lilichimba visima vyembamba katika maeneo ya Kilwa na Lindi na kutoa mashapo yakiwa mazima, marefu kama miti ya boriti. Katika ripoti za mradi huo limo pia jina la Joyce Singano wa shirika hilo la petroli. Nalitaja kusudi, kwani tumezoea kudhani kazi hizi zote ni za wageni.

Walichokitafuta ni foraminifera. Hawa ni viumbe wa chembe moja wanaojijengea gamba. Wengi ni wadogo kuliko punje ya mchanga. Wengine huelea majini, wengine hukaa chini. Wakifa, magamba huanguka sakafuni mwa bahari, tabaka juu ya tabaka. Tatizo ni kwamba kwingi duniani magamba hayo hubadilika yakiwa yamezikwa: maji hupenya, chokaa huyeyuka na kuganda upya, na gamba huwa kama kioo kilichoingia ukungu. Udongo wa Kilwa haupitishi maji kwa urahisi. Magamba yake yalitoka yakiwa angavu, unaona ndani kama unavyoona ndani ya glasi. Kwa sababu hiyo kemia ya bahari ya kale ilibaki mlemle, na oksijeni iliyo ndani ya gamba husimulia hali ya joto la maji na wingi wa barafu duniani.

Kati ya miaka milioni 34 na milioni 33.5 iliyopita dunia ilipoa. Hewa ya kaboni ilipungua angani, na barafu kubwa ikatanda Antaktika, bara ambalo kabla ya hapo lilikuwa na misitu. Ni kipindi hicho ndicho kitabu cha yule mwanafunzi kilikitaja. Mpaka wa enzi mbili, Eosini na Oligosini, umewekwa rasmi katika jabali la Massignano, karibu na Ancona nchini Italia, pale anapoonekana kwa mara ya mwisho kiumbe aitwaye Hantkenina, foraminifera mwenye kuelea, aliyekuwa na miiba mirefu kwenye vyumba vya gamba lake.

Lakini kulikuwa na kundi la pili. Katika bahari za joto zisizo na kina, tangu nchi za Mediterania mpaka Indonesia, sakafu ilikuwa imejaa foraminifera wakubwa, bapa kama sarafu. Mawe ya piramidi za Giza yamejaa jamaa zao; Strabo, Mgiriki wa kale, aliandika kwamba wenyeji walisema ni dengu za vibarua zilizogeuka mawe. Baadhi ya koo za hao wakubwa, kama Discocyclina, nazo hazionekani baada ya Eosini. Je, zilikwisha lini hasa? Hapo wataalamu walikwama. Hantkenina anapatikana katika mashapo ya kina kirefu, Discocyclina katika mawe ya maji machache. Mashahidi wawili ambao hawakuwahi kukaa nyumba moja, utawalinganishaje?

Kilwa waliwekwa nyumba moja. Bahari ya hapo ilikuwa na kina, lakini karibu na ufuo kiasi kwamba magamba ya maji machache yalisombwa na kuangukia kati ya wale wenye kuelea. Ripoti iliyochapishwa mwaka 2008 kutokana na visima vya eneo la Pande, kusini mwa Kilwa, ilionyesha mpangilio wake. Dunia ilipoa kwa hatua mbili. Jamaa wa Turborotalia cerroazulensis, wenye kuelea pia, walitangulia kwisha. Kisha, katikati ya zile hatua mbili, ukoo mzima wa Hantkenina ukakoma, na wale wakubwa wa sakafuni wakakoma wakati uleule. Yote haya kabla barafu haijafikia kilele.

Hilo la mwisho si dogo. Ilikuwa rahisi kusema kwamba barafu ilivuta maji, bahari ikashuka, viumbe wa maji machache wakakosa makao. Kilwa inasema kilele cha barafu kilikuta mazishi yameshafanyika. Na kwa kuwa wenye kuelea na wa sakafuni walikoma pamoja, na kwingine duniani hawaonekani tena baada ya hapo, sasa tunaweza kumjibu mwanafunzi bila kigugumizi: hawakwenda popote. Waliangamia.

Ndipo nikaanza kupendekeza, angalau kwa wanafunzi wangu, kwamba tutenganishe maneno haya mawili. Kiumbe ametoweka mahali fulani; ameangamia duniani. Najua watakaopinga. Maafisa wa wanyamapori, vitabu vya shule na hata magazeti yameshazoea "hatari ya kutoweka", na matumizi ya wengi yana nguvu yake. Sitaki kuwa polisi wa lugha. Tena kuangamia kuna harufu ya balaa la ghafla, ilhali viumbe wengine huisha polepole bila kelele. Bado nauona upungufu huo kuwa mdogo kuliko ule wa kutumia neno moja kwa aliyepotea na aliyekufa.

Chukua ningu, samaki wa Ziwa Victoria aliyekuwa akipanda mito kwa wingi msimu wa mvua kwenda kutaga mayai. Wavuvi walimtegea nyavu kwenye midomo ya mito, na idadi yake ikaporomoka katika karne iliyopita. Wazee wa kando ya mito hiyo husema ningu ametoweka, na kwa mto wao wanasema kweli. Ila nimesikia neno hilohilo likitumiwa na vijana kana kwamba habari imekwisha: ametoweka, basi, kwa nini tuhifadhi mto? Ningu bado yupo, mchache na katika sehemu chache. Msimu wa mvua anahitaji mlango wa mto usio na nyavu.