Bustani ya Mimea ya Amani

Bustani ya Mimea ya Amani ni bustani ya kihistoria iliyopo kwenye milima ya Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, mkoa wa Tanga, kaskazini-mashariki mwa Tanzania. Ilianzishwa na serikali ya kikoloni ya Ujerumani mwaka 1902 kwa ajili ya kujaribu mimea ya biashara kutoka nchi mbalimbali za joto. Siku hizi imo ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, na hutembelewa na wanafunzi, watafiti na watalii.

Mgeni anayetarajia vitalu vya maua, chemchemi na njia zilizonyooka, kama zilivyo bustani za kale za Italia, atakuta kitu tofauti. Amani ni msitu uliopandwa na watu. Miti ya kigeni imesimama kwa safu, kila aina na sehemu yake, lakini katikati ya safu hizo msitu wa asili umerudi na kuota upya. Wapo wanaopita ndani ya bustani bila kujua kwamba wameshaingia.

== Mahali na hali ya hewa ==

Makao makuu ya bustani yako kwenye kimo cha takriban mita 900 juu ya usawa wa bahari, umbali wa karibu kilomita 35 kutoka mji wa Muheza. Upepo wa Bahari ya Hindi hugonga milima hiyo na kuacha mvua nyingi: karibu milimita 1,900 kwa mwaka. Mikoa ya kati ya Tanzania, kama Singida, hupata chini ya nusu ya kiasi hicho. Mvua hiyo na joto la wastani ndizo zilizowafanya Wajerumani wapachague mahali hapa, kwani mmea wa Brazil, wa India au wa Java ungeweza kuota bila kumwagiliwa.

Misitu ya Usambara Mashariki ni sehemu ya Tao la Mashariki, safu ya milima ya kale inayoanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Imetengana na misitu mingine kwa muda mrefu sana, hivyo ina viumbe wengi wasiopatikana penginepo duniani. Mmojawapo ni chura mdogo Nectophrynoides tornieri, ambaye hatagi mayai majini bali huzaa watoto walio hai. Kwa jambo hili bustani ya mimea ya kigeni iliwekwa mahali pagumu: katikati ya msitu wenye viumbe wa pekee.

== Historia ==

=== Taasisi ya Wajerumani ===

Mnamo miaka ya 1890 walowezi wa Kijerumani walifyeka sehemu za Usambara Mashariki na kupanda kahawa. Haikuchukua miaka mingi kahawa hiyo ikaanza kuwaangusha, kwa kuwa udongo wa huko, ingawa hubeba msitu mkubwa, una tindikali na hauna rutuba ya kudumu. Serikali ikaona inahitaji kituo cha kuwaambia walowezi nini kinaota na nini hakioti.

Mfano uliofuatwa ulikuwa bustani ya Buitenzorg (leo Bogor) katika kisiwa cha Java, iliyoanzishwa na Waholanzi mwaka 1817. Franz Stuhlmann, aliyeongoza taasisi ya Amani mwanzoni, alikuwa ameitembelea Java, na mtaalamu wa mimea Albrecht Zimmermann alikuwa amefanya kazi huko kabla ya kuja Amani. Bustani ilienea kwenye takriban hekta 300, kutoka mabonde ya chini hadi vilimani, ili kila mmea upate kimo kinachoufaa. Ilipandwa mikwinini, mipira ya aina kadhaa, misaji, mikafuri, michikichi, midalasini, mianzi na mingine mingi.

Kazi ya kufyeka, kupanda na kubeba ilifanywa na vibarua Waafrika: Wasambaa wa jirani, na wengine waliotoka mbali bara. Majina ya wataalamu yameandikwa vitabuni, na mengine yamo hata katika majina ya kisayansi ya mimea, kama Allanblackia stuhlmannii, mti wa asili wa Usambara wenye mbegu za mafuta. Majina ya waliochimba mashimo hayakuandikwa.

Mara nyingi husemwa kwamba mkonge wa Tanzania ulianzia Amani. Si kweli. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, miaka 9 kabla ya Amani kuanzishwa. Miche aliyoagiza kutoka Florida ilikufa karibu yote njiani. Iliyobaki hai ilikuwa 62 tu, nayo ilipandwa karibu na Pangani.

=== Vita na miaka ya kutelekezwa ===

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza manowari za Uingereza zilifunga njia ya bahari, na koloni likawa halipati bidhaa kutoka Ulaya. Hapo taasisi ya Amani iligeuka kuwa kiwanda. Magome ya mikwinini yalitengenezwa dawa ya malaria kwa ajili ya jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck, na vilitengenezwa pia vitu kama sabuni na mafuta. Waingereza waliitwaa Amani mwaka 1916, lakini Zimmermann aliendelea kukaa akiitunza hadi 1920.

Baada ya hapo bustani ilidorora. Serikali mpya haikuwa na fedha, au haikutaka kuzitoa. Tume ya Uingereza iliyoongozwa na William Ormsby-Gore, iliyozuru Afrika Mashariki mwaka 1924, ililalamika kwamba kituo chenye sifa kubwa kimeachwa kianguke.

=== Muhogo wa Amani ===

Kituo kilifufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kama taasisi ya utafiti wa kilimo kwa makoloni yote ya Uingereza Afrika Mashariki. Kazi yake kubwa kuliko zote haikuhusu zao la walowezi bali chakula cha wakulima.

Wakati huo muhogo ulikuwa ukishambuliwa na batobato, ugonjwa unaofanya majani yawe na mabaka ya njano, yajikunje, na mizizi ibaki midogo. Katika miaka ya 1930 H. H. Storey na R. F. W. Nichols walikusanya Amani aina nyingi za muhogo, wakaona hakuna hata moja iliyovumilia vya kutosha. Wakatafuta msaada kwa ndugu zake. Bustanini ulikuwepo mpira wa Ceara, Manihot glaziovii, mti ulioletwa kwa ajili ya utomvu wake na ambao ni wa jenasi moja na muhogo. Waliuzalisha na muhogo, kisha wakarudia kuzalisha watoto wake na muhogo kwa vizazi kadhaa, hadi wakapata mimea yenye mizizi inayolika na yenye kustahimili ugonjwa. Storey pia ndiye aliyeeleza kwa mara ya kwanza, mwaka 1936, ugonjwa mwingine wa muhogo unaoozesha mizizi kwa ndani, ule wa michirizi ya kahawia.

Mbegu za kazi hiyo zilipelekwa Nigeria, na huko zikawa msingi wa aina za muhogo zilizozalishwa na taasisi ya kimataifa ya IITA mjini Ibadan kuanzia miaka ya 1970. Batobato kali ilipofyeka mashamba ya muhogo nchini Uganda katika miaka ya 1990, sehemu ya aina zilizorudisha zao hilo zilitokana na ukoo huo. Safari ilikuwa ndefu: kutoka Amani hadi Afrika Magharibi na kurudi tena mashariki, baada ya karibu miaka 60.

=== Kuanzia 1948 ===

Baada ya Vita Kuu ya Pili taasisi ya kilimo ilihamishiwa Muguga, karibu na Nairobi. Mkusanyo wa mimea iliyokaushwa nao ulipelekwa Kenya, ambako ni sehemu ya makusanyo ya Nairobi hadi leo. Majengo ya Amani yalipewa watafiti wa malaria, na baadaye yakawa chini ya Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR). Watafiti hao walikuwa na kazi yao, na bustani haikuwa mojawapo. Vibao vya majina vilioza, njia zikafunikwa.

Mwaka 1997 serikali ya Tanzania ilitangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani, ya kwanza ya aina hiyo nchini, yenye hekta zaidi ya 8,000 pamoja na bustani ya zamani. Mwaka 2000 UNESCO iliitambua Usambara Mashariki kuwa hifadhi ya biosferi.

== Mimea iliyotoka bustanini ==

Zaidi ya spishi 200 za kigeni bado zinaishi bustanini. Nyingi zimekaa pale zilipopandwa. Chache zimetoka, na hizo ndizo tatizo.

Inayojulikana zaidi ni Maesopsis eminii, ambayo Waganda huiita musizi. Asili yake ni misitu ya magharibi, kuanzia maeneo ya Ziwa Viktoria hadi Afrika ya Kati na Magharibi. Ni mti unaokua upesi, wenye matunda yanayopendwa na hondohondo. Ndege huyo humeza tunda, huruka mbali, kisha huangusha mbegu. Kwa muda mrefu jambo hilo halikuleta madhara makubwa, kwa kuwa mche wa Maesopsis hauwezi kukua chini ya kivuli kizito. Ulihitaji uwazi, na uwazi ukaja: katika miaka ya 1970 na 1980 ukataji wa magogo kwa mashine ulifungua misitu ya Usambara Mashariki, na kila pengo likawa kitalu. Ukataji huo ulisimamishwa baada ya kelele za wanasayansi, lakini mti ulikuwa umeshaenea.

Kuuondoa si rahisi kama inavyodhaniwa. Kuukata hufungua pengo jipya, ambalo huota Maesopsis nyingine. Zaidi ya hayo, wanakijiji wanaoishi kando ya hifadhi huutumia kwa mbao na kuni, na wengine wameupanda wenyewe mashambani mwao, jambo linalopunguza haja ya kuingia msituni. Kwa mtunzaji wa bustani mti huo ni kumbukumbu ya historia. Kwa mlinzi wa msitu ni mvamizi. Kwa jirani ni ubao. Wote watatu hawakosei.

Upo pia mmea uliosafiri kinyume. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga, alimpelekea baba yake Ujerumani ua dogo la zambarau linaloota kwenye miamba yenye kivuli. Mwaka 1893 Hermann Wendland alilipa jina Saintpaulia ionantha (siku hizi wataalamu huliweka katika jenasi Streptocarpus). Sasa ni mojawapo ya maua ya chunguni yanayouzwa sana duniani, na Wajerumani huliita Usambaraveilchen. Porini kwake limebaki kwenye miamba michache, na msitu unaolipa kivuli ukikatwa, hukauka.

== Kutembelea ==

Italia watu huzuru bustani katika majira ya kuchipua, Aprili na Mei, na baadhi ya bustani za watu binafsi hufungua milango wakati huo. Usambara haina majira hayo. Mvua ndiyo inayoamua. Miezi hiyohiyo ya Aprili na Mei ni masika, wakati msitu una maua na vyura wengi lakini barabara ya udongo kutoka Muheza huteleza na gari dogo hukwama. Kuanzia Juni hadi Oktoba njia hupitika vizuri zaidi. Nguo ya kujikinga na baridi na viatu visivyoteleza vinahitajika mwaka mzima.

Msafiri anayetoka mikoa ya kati, kwa mfano Issuna au Singida mjini, hupitia Manyoni, Dodoma, Morogoro, Chalinze na Segera kabla ya kufika Muheza. Ni safari ya siku nzima au zaidi, na shule inayopanga kuleta wanafunzi ihesabu siku ya kupumzika.

Lango la hifadhi lipo Sigi, chini ya mlima. Jengo la mapokezi lilikuwa kituo cha reli: Wajerumani walijenga reli nyembamba ya kilomita 23 kutoka Tengeni hadi hapo, hasa kwa kubeba magogo. Reli imeng'olewa, jengo limekarabatiwa. Kutoka Sigi barabara hupanda kwa kona nyingi, ikipita msituni na kandokando ya mashamba ya chai, hadi Amani.

Bustanini ni vema kutembea na mwongozaji kutoka vijiji vya jirani. Si kwa sababu ya kupotea tu: miti mingi haina kibao, na mwongozaji huponda jani la mkafuri au kuchuna gome la mdalasini mgeni anuse, akataja jina la mti kwa Kisambaa, kwa Kiswahili na kwa Kilatini. Anayetaka kuona milima kwa mbali hupanda kilima cha Mbomole. Majengo ya zamani ya taasisi bado yapo na baadhi hutumika kama nyumba za wageni.

== Bustani nyingine za kihistoria ==

Bustani ya Mimea ya Dar es Salaam, karibu na Makumbusho ya Taifa, ni ya zamani kuliko Amani. Ilianza mwaka 1893, nayo pia kwa kazi ya Stuhlmann. Ni ndogo na mji umeibana, ila inafikika kwa miguu. Zanzibar, John Kirk, balozi mdogo wa Uingereza, alikuwa na bustani yake binafsi Mbweni alikojaribu mimea kutoka nje, na Bustani ya Viktoria mjini ilikuwa awali ya wanawake wa nyumba ya Sultani Barghash kabla ya kufunguliwa kwa umma. Nchini Uganda ipo bustani ya Entebbe, ya mwaka 1898, kando ya Ziwa Viktoria.