Siddhartha (riwaya)
Siddhartha ni riwaya ya Hermann Hesse (1877–1962), mwandishi mzaliwa wa Ujerumani, iliyotolewa mwaka 1922. Babu yake mzaa mama alikuwa mmisionari nchini Uhindi.

Siddhartha, mtoto wa Brahmani, anaondoka nyumbani pamoja na rafiki yake Govinda kutafuta ukweli kwa kufunga na kutafakari. Wanakutana na Gautama Buddha (ambaye si mhusika mkuu, ingawa majina huwachanganya wasomaji). Govinda anabaki kuwa mfuasi. Siddhartha anaona hekima haifundishiki. Anatajirika, anampenda Kamala, anachoka, kisha anaishi na mvushaji Vasudeva kando ya mto. Sehemu nzito kuliko zote ni pale mwanawe anapomtoroka, kama yeye alivyomwacha baba yake.

Tafsiri ya Kiingereza ya 1951 ilipendwa sana na vijana wa Marekani katika miaka ya 1960.