PAMBA, USHIRIKA NA KURA ZETU

Wako wanaosema kwamba watu wa Bariadi tunapiga kura kwa ukabila tu. Sisi tunaona jibu hilo ni la haraka mno.

Turudi kwenye pamba. Mwaka 1955 vyama vya wakulima wa Kanda ya Ziwa viliungana kuwa shirikisho la VFCU, Paul Bomani akiwa mstari wa mbele. Watu walikuwa wamechoka kupunjwa kwenye mizani. Na kwa kuwa Mwingereza aliizuia TANU Usukumani kuanzia 1954 hadi 1958, siasa ikapitia huko huko kwenye ushirika. Mwenye pamba nyingi akawa na sauti. Lakini sauti ya nani? Mama alipalilia, akachuma, akabeba. Kadi mara nyingi ilikuwa ya baba, na mkutanoni alikwenda baba. Mwaka 1976 serikali ikavunja vyama vikuu vya ushirika, uchungu ukabaki.

Ukaja mfumo wa vyama vingi mwaka 1992. Mzee wetu John Cheyo wa UDP, yule Bwana Mapesa, akagombea urais 1995 akizungumzia hela mfukoni mwa mtu. Nchi nzima alipata kura karibu asilimia 4, ila huku kwetu maneno yake yaliingia, maana mkulima alijua hela yake ilivyopotea. Sasa kama ni ukabila, mbona kuanzia 2005 Bariadi Mashariki ilikuwa na Cheyo wa UDP, na Magharibi Andrew Chenge wa CCM? Wote si watoto wa hapa hapa? Jamani, kabila moja, kura mbili.

Kilichobadilika zaidi, kwa maoni yetu, ni akina mama kuwa na mkutano wao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ilitaka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe 7, wanawake wasipungue 3. Viti vilikuwepo; mazoea ya kusimama na kusema, wengi wetu tuliyapata kwenye sanduku la hisa.

Wagombea nao wameliona. Kwenye kampeni za 2020 tuliletewa bahasha "ya kutunisha mfuko". Tulibishana mpaka giza likaingia, wa chama hiki na wa kile, mwenye ng'ombe na mwenye genge la nyanya. Mwishowe tukapiga kura ya siri, kwa punje za mahindi na choroko. Bahasha ikarudishwa. Wawili walijitoa kwa hasira. Mmoja amesharudi, na ananunua hisa kila wiki.